Kilichomo Ndani ya Kontena: Programu Huria na Masharti ya Usalama katika Idara za Serikali ya Marekani

Utangulizi

Mtu akisimama karibu na gati la Kilindini mjini Mombasa huyaona makasha ya chuma yamepangwa moja juu ya jingine, yote ya umbo moja, na kwa macho matupu hawezi kujua lipi limebeba mchele na lipi limebeba vipuri vya magari. Historia ya kasha hilo si ndefu. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga Newark, Marekani, ikielekea Houston na makontena 58. Kabla ya hapo shehena ilipakiwa gunia kwa gunia na pipa kwa pipa, nao makuli waliijua kwa mabega yao. Baada ya hapo shehena ilifichika, na kazi ya kujua kilichomo ikahamia kwenye karatasi: orodha ya shehena, lakiri, na saini ya aliyelifunga kasha.

Makala haya yanahusu kontena la aina nyingine, lile la tarakilishi, ambalo limeazima jina na pia matatizo kutoka kwa kasha la chuma. Yanadhamiria kufafanua masharti ya usalama ambayo idara za serikali kuu ya Marekani zimewekewa zinapotumia makontena yaliyoundwa kwa programu huria, na kuonyesha ni maswali gani masharti hayo huyajibu na ni lipi huliacha bila jibu. Marekani imeteuliwa kwa sababu masharti yake yamechapishwa hadharani. Fauka ya hayo, programu zinazoguswa na masharti hayo ndizo hizo hizo zinazoendesha tarakilishi za idara na mashirika kote duniani, Kenya ikiwemo.

Huria Si Bure

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtunzi wake, uko wazi. Kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana ya "huru" na ile ya "bure", na mkanganyiko huo umewasumbua watetezi wa programu hizi tangu miaka ya themanini. Kiswahili kina maneno mawili tofauti, na juu ya hayo kina "huria". Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili huianza safari hii akiwa hatua moja mbele.

Wanafunzi wa Kiswahili wana deni kwa uhuria huo. Mnamo mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu iliyozungumza Kiswahili katika kila menyu yake. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Hapakuhitajika idhini ya kampuni yoyote ili neno la Kiingereza liondolewe na neno la Kiswahili liwekwe mahali pake.

Uhuria huo huo ndio uliozua wasiwasi serikalini. Ikiwa kila mtu anaweza kuusoma msimbo, adui naye anausoma. Ikiwa kila mtu anaweza kuuchangia, adui naye anaweza kuuchangia. Hoja hizi zilirudiwa mara nyingi hata Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikalazimika kutoa waraka, tarehe 16 Oktoba 2009, kufafanua kwamba programu huria zihesabiwe kuwa sawa na programu za kibiashara na zipimwe kwa mizani ile ile. Mnamo Januari 2022 wizara hiyo ilitoa waraka mwingine kuhusu suala hilo hilo, ishara kwamba ule wa kwanza haukuwa umewatuliza watu wote.

Hata hivyo, kufunga msimbo nako si dawa. Tukio lililoitikisa serikali ya Marekani kuliko mengine, lile la SolarWinds lililofichuliwa Desemba 2020, lilihusu programu ya kampuni ambayo msimbo wake haukuwa wazi kwa umma. Wavamizi walipenya katika karakana ya kampuni na kutia sumu katika sasisho la programu. Wateja takriban 18,000 walilipokea sasisho hilo, na idara tisa za serikali kuu zikavamiwa. Waliolipokea walikuwa wakitimiza wajibu wao, kwani kusasisha programu ndiko kunakohimizwa siku zote.

Nyumba ya Vyumba vya Kupanga

Kontena la tarakilishi ni nini hasa? Programu yoyote huhitaji mambo mengi ili iendeshwe: maktaba za msimbo, mafaili ya mipangilio, matoleo fulani ya programu nyingine. Ikihamishwa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, aghalabu hukosa kimojawapo na kukwama. Kontena hutatua tatizo hilo kwa kuifunga programu pamoja na vyote inavyovihitaji katika kifurushi kimoja. Kifurushi hicho kinapoendeshwa, ndipo huitwa kontena. (Kwa Kiingereza kifurushi chenyewe huitwa kwa neno ambalo wanafasihi wamezoea kulifasiri "taswira". Neno hilo lina kazi ya kutosha katika uhakiki wa mashairi, kwa hiyo halitabebeshwa mzigo mwingine hapa.)

Tofauti ya kontena na mbinu zilizolitangulia inaweza kueleweka kwa mfano wa makazi. Zamani kila programu iliyohitaji kutengwa ilijengewa nyumba yake, yenye msingi wake na paa lake. Makontena ni kama vyumba vya kupanga katika nyumba moja ya Kiswahili: kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini ukumbi, kisima na lango kuu ni vya wote. Ukumbi huo ndio kiini cha mfumo endeshi, na aghalabu kiini hicho ni Linux, programu huria iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Faida ni wepesi na gharama ndogo. Hasara ni kwamba mpangaji mbaya yuko ukuta mmoja tu na wenzake. Mnamo Februari 2019 ilitangazwa kwamba runc, programu huria inayoanzisha makontena katika mifumo mingi, ilikuwa na mwanya ambao ulimwezesha mpangaji wa namna hiyo kutoka chumbani mwake na kujitwalia funguo za nyumba nzima.

Mbinu hii ilienea baada ya Docker kuonyeshwa hadharani Machi 2013. Mwaka uliofuata kampuni ya Google ilitoa Kubernetes, programu huria ya kuyasimamia makontena kwa maelfu. Majina haya yote yametoka bandarini: la kwanza ni jina la kuli wa gatini, na la pili ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Lugha yenye nahodha, serahangi, rubani na kuli haina sababu ya kuwa maskini wa istilahi katika uwanja huu.

Masharti Yenyewe

Msingi wa masharti ni sheria ya mwaka 2002 kuhusu usalama wa habari za serikali, iliyorekebishwa mwaka 2014. Sheria hiyo huitaka kila idara ilinde data yake kwa kufuata viwango vya taasisi ya viwango na teknolojia, NIST. Mnamo Septemba 2017 taasisi hiyo ilichapisha mwongozo nambari 800-190 uliohusu makontena pekee. Mwongozo huo unaigawa hatari katika sehemu tano: kifurushi, ghala la kuhifadhia vifurushi, programu inayoyasimamia makontena, kontena linaloendeshwa, na mfumo endeshi ulio chini ya vyote.

Mgawanyo huu una maana kwa sababu walinzi wengi hukodolea macho kontena na kusahau yaliyolizunguka. Mapema mwaka 2018 iligunduliwa kwamba kampuni ya magari ya Tesla iliacha ukurasa wa kusimamia Kubernetes bila nywila, na wageni wasiojulikana wakautumia kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme na tarakilishi za wenyewe. Makontena yenyewe hayakuwa na kasoro. Aliyeachwa mlango wazi ni mshika usukani.

Kwa huduma za wingu, yaani tarakilishi za kukodi, kuna mpango uitwao FedRAMP ulioanzishwa mwaka 2011. Kampuni haiwezi kuiuzia idara huduma hizo kabla ya kupata idhini kupitia mpango huo. Tarehe 16 Machi 2021 FedRAMP ilitoa waraka mahususi kuhusu makontena. Kwa mujibu wa waraka huo, vifurushi sharti viwe vimekazwa, yaani viondolewe kila kisichohitajika na mipangilio yake ifuate kigezo kinachotambulika. Sharti vijengwe na kujaribiwa kwa njia ya mashine iliyo na ulinzi, si kwa mkono wa mtu mmoja. Tena kifurushi hakiruhusiwi kuanza kutumika iwapo hakijakaguliwa katika muda wa siku 30. Sababu ya ukomo huo ni kwamba kifurushi hakibadiliki baada ya kufungwa, ilhali ujuzi wa mianya hubadilika kila siku. Kifurushi kilichokuwa safi Januari huweza kuwa hatari Februari bila hata herufi moja ndani yake kuguswa.

Jeshi la anga nalo lilianzisha ghala la vifurushi vilivyokaguliwa na kukazwa, likaliita Iron Bank, yaani benki ya chuma, ili wanaojenga mifumo ya kijeshi wachukue humo badala ya kuokota vifurushi kutoka maghala ya umma ambako mtu yeyote aweza kuweka chochote. Mnamo Agosti 2021 idara mbili za usalama, NSA na CISA, zilichapisha mwongozo wa kuikaza Kubernetes. Mengi katika mwongozo huo ni busara ya kawaida ya mwenye nyumba: kontena lisiendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, mitandao itenganishwe, na kila linalotendeka liandikwe katika kumbukumbu.

Cheti na Kiraka

Sharti linalowatatiza wahandisi kuliko yote huenda ni la usimbaji, yaani sanaa ya kugeuza maandishi yasisomeke na asiye na ufunguo. Kiwango cha FIPS 140-2 kilitolewa mwaka 2001, na kile cha FIPS 140-3 kilichokusudiwa kuchukua nafasi yake kiliidhinishwa mwaka 2019. Viwango hivi vinadai kwamba kijenzi chochote kinachosimba data ya serikali kiwe kimepimwa katika maabara iliyoidhinishwa na kupewa cheti. Msimamo wa NIST ni mkali: usimbaji usiothibitishwa huhesabiwa kuwa haupo, na data iliyosimbwa kwa njia hiyo ni sawa na maandishi yaliyoachwa wazi mezani.

Kwa programu huria sharti hili ni zito. Cheti hugharimu pesa na miezi, mambo ambayo jamii ya watu wanaojitolea haina. OpenSSL, maktaba huria ya usimbaji inayotumika katika sehemu kubwa ya intaneti, ilitoa toleo lake la 3.0 Septemba 2021. Cheti cha kijenzi chake cha usimbaji kilipatikana Agosti 2022. Kwa takriban mwaka mzima, msimbo ule ule uliosomwa na kukaguliwa na wataalamu wa dunia ulikuwa, machoni pa serikali, maandishi ya wazi.

Tatizo la pili ni la ndani zaidi. Cheti hutolewa kwa kijenzi jinsi kilivyopimwa, pamoja na kasoro zake. Ikiwa mwanya umegunduliwa baadaye na kiraka kikatiwa, kijenzi kilichotiwa kiraka si kile kilichopimwa, na cheti hakikihusu. Afisa wa usalama akajikuta akichagua kati ya kijenzi chenye cheti na tundu, na kijenzi kisicho na tundu wala cheti. Si ajabu kwamba makampuni kadhaa sasa huishi kwa kuuza vifurushi vya programu huria vilivyokwisha kuthibitishwa: programu ni ya wote, lakini muhuri unalipiwa. Ni vigumu kuukwepa mzaha uliomo humo, hasa kwa anayekumbuka tofauti ya huria na bure. Hata hivyo, haitakuwa haki kulidharau sharti lenyewe. Historia ya usimbaji imejaa mbinu ambazo watunzi wake waliapa kuwa haziwezi kuvunjwa, zikavunjwa.

Orodha ya Shehena

Miezi mitano baada ya kisa cha SolarWinds, tarehe 12 Mei 2021, Rais Joe Biden alitia saini amri nambari 14028 kuhusu usalama wa mitandao. Miongoni mwa mambo mengi, amri hiyo iliingiza katika sera ya serikali wazo la orodha ya vijenzi: hati inayotaja kila kipande cha msimbo kilichomo ndani ya programu, toleo lake na asili yake. Mwezi Julai mwaka huo Wizara ya Biashara ilichapisha mambo ya chini kabisa ambayo orodha hiyo sharti iwe nayo. Hii ndiyo orodha ya shehena ya bandarini, imerudi kwa sura nyingine.

Haja yake ilidhihirika kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 9 Desemba 2021 ulitangazwa mwanya katika Log4j, kijenzi huria kidogo kinachotumiwa na programu za lugha ya Java kuandikia kumbukumbu. Mwanya huo ulimwezesha mvamizi kuitawala tarakilishi kwa kuipelekea mstari mmoja wa maandishi. Mnamo tarehe 17 Desemba CISA iliziamuru idara zote za kiraia kuchukua hatua kabla ya tarehe 23. Agizo lilikuwa jepesi kusomwa. Ugumu ulikuwa katika swali lililolitangulia: Log4j iko wapi? Kijenzi hicho kilikuwa ndani ya programu zilizokuwa ndani ya programu nyingine, zilizokuwa ndani ya vifurushi ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua. Ripoti ya bodi ya kuchunguza matukio hayo, iliyotolewa Julai 2022, ilieleza kwamba wizara moja peke yake ilitumia saa 33,000 katika kazi hiyo. Saa hizo ni zaidi ya siku 4,000 za kazi za mtu mmoja, na sehemu kubwa ya kazi ya namna hiyo ni kutafuta.

Nusu Sekunde

Kisa cha XZ cha mwaka 2024 ndicho kinachoyapima masharti haya yote. XZ Utils ni programu huria ya kubana mafaili, ndogo na isiyo na fahari yoyote, ambayo hupatikana karibu katika kila mfumo wa Linux na kwa hiyo ndani ya vifurushi vingi vya makontena. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea aliyekuwa nchini Finland. Kuanzia mwaka 2021 mchangiaji aliyejiita Jia Tan alianza kutuma marekebisho, mazuri na ya manufaa. Mwaka uliofuata watu wengine wasiojulikana walianza kumshinikiza yule mtunzaji: kazi inakwenda polepole, watumiaji wanangoja, mbona hatafuti msaidizi? Mtunzaji alieleza kwamba alikuwa na matatizo ya afya ya akili na kwamba hiyo ilikuwa kazi asiyolipwa. Hatimaye Jia Tan alipewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Februari na Machi 2024 alitoa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Ndani yake mlikuwa na mlango wa nyuma ambao ungemwezesha mwenye ufunguo fulani kuingia katika seva kwa njia ya mbali na kuitawala. Ufundi wake ni wa kutisha. Sehemu ya sumu ilifichwa katika mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, na hatua ya kuiamsha haikuwemo katika ghala la msimbo ambalo umma huusoma. Iliongezwa katika kifurushi cha kupakua pekee. Kwa maneno mengine, kilichosomwa na watu hakikuwa kile kile kilichopakiwa.

Tuyapitishe masharti moja baada ya jingine. Mkaguzi wa mianya angeupata mlango huo? La, kwa kuwa vifaa vya ukaguzi hulinganisha vijenzi na mianya inayojulikana, na huu haukuwa ukijulikana. Orodha ya vijenzi? Ingesema kwa unyofu kamili kwamba ndani mna XZ toleo la 5.6.1. Saini ya kidijitali? Ilikuwepo na ilikuwa halali, maana aliyetia sumu ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusaini. Ukomo wa siku 30? Sumu ilikuwa mpya, na aliye mwepesi wa kusasisha ndiye angeipokea mapema zaidi.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft ambaye pia huchangia hifadhidata huria ya PostgreSQL. Katika majaribio yake aliona kwamba kuingia katika seva kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia, akatumia siku kadhaa kufungua tabaka baada ya tabaka, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokipata. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwake kama ulivyokuwa wazi kwa adui. Mlango wa nyuma wa namna hiyo ndani ya programu iliyofungwa ungemwachia nusu sekunde isiyo na maelezo, na fomu ya malalamiko ya kumjazia muuzaji.

Kuanzia hapo ndipo thamani ya masharti ilipoonekana. Siku hiyo hiyo CISA ilishauri watumiaji warudi kwenye toleo salama kama 5.4.6. Idara iliyokuwa na orodha za vijenzi vya makontena yake ingeweza kuuliza swali moja na kupata jibu kwa dakika chache, tofauti kabisa na zile saa 33,000 za Log4j. Matoleo yenye sumu yalikuwa yamefika hasa katika mifumo ya majaribio, na mengi ya yale yanayotegemewa kwa kazi nzito hayakuwa yameyapokea bado.

Nafsi halisi iliyojificha nyuma ya jina la Jia Tan haijatambulishwa hadharani. Yule mtunzaji wa Finland alirejea kazini, akaupekua msimbo wake mstari kwa mstari, akaondoa kilichotiwa, na tarehe 29 Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2.